Sproketi ya Alumini kwenye Baiskeli ya Zamani: Pima Kabla ya Kununua

Mwenye baiskeli ya zamani akikuta sproketi ya alumini imetundikwa dukani, kwanza ataishusha aipime mkononi. Kwa ujazo uleule alumini ina uzito wa karibu theluthi moja tu ya chuma, na mkono hauhitaji mizani kulijua hilo. Hela hutoka hapohapo, kabla ya maswali mawili ambayo yangeiokoa: krenki niliyonayo itaikubali sproketi hii? Na kazi ninayoifanyisha baiskeli yangu inaihitaji?

Majibu yanategemea baiskeli uliyo nayo. Za zamani tunazozikuta barabarani Afrika Mashariki ni za makundi mawili. Kuna zile nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma na keria pana nyuma: Raleigh, Phoenix, Hero, Avon na wenzao. Halafu kuna mitumba ya gia kutoka Japani na Ulaya, nyingi zikiwa za miaka ya 1970 hadi 1990, baadhi zina usukani uliopinda kama za mashindano na baadhi ni za milimani zenye tairi nene. Kwa suala la sproketi ya mbele, makundi haya hayafanani hata kidogo, na fundi anayekwambia "zote ni sawa tu, leta" anataka kukuuzia.

Uzito: usitarajie makubwa

Ukibadili sproketi moja ya chuma yenye meno arobaini na kitu ukaweka ya alumini, utapunguza gramu 100 hadi 200 hivi. Haifikii theluthi mbili za uzito wa ile ya zamani, kwa sababu ya alumini hutengenezwa nene zaidi ili isipinde. Sasa chukua gramu 200 uziweke kwenye safari nzima: baiskeli kilo 20, mwendeshaji kilo 65. Ni kama robo ya asilimia moja ya mzigo wote. Chupa ya nusu lita ya maji ina uzito zaidi ya mara mbili ya hapo, na ukiyanywa kabla ya kuondoka hujapunguza kitu, maana unayo tumboni.

Wapo wanaodai kwamba uzito unaozunguka huchosha maradufu. Kwa tairi na rimu kuna ukweli, kwa kuwa ziko mbali na ekseli na zinakwenda kasi sawa na baiskeli yenyewe. Sproketi ya mbele ni duara dogo linalozunguka kwa mwendo wa mguu, mara 60 au 70 kwa dakika. Haidai nguvu ya maana kuianzisha wala kuisimamisha. Kama baiskeli yako ni ya breki za waya na bado ina rimu za chuma zilizopakwa kromu, hela ya sproketi ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye rimu za alumini: utapunguza uzito pale unapohisika, na breki zitashika mvua ikinyesha, jambo ambalo rimu za kromu hazijawahi kuliweza vizuri.

Kwa nini basi mtu abadili? Kwa sababu sproketi ya zamani imekwisha, au imepinda haisikii tena nyundo, na akitafuta mpya anakuta nzuri zinazouzwa ni za alumini. Hiyo ni sababu halali. Sababu iliyo bora kuliko zote, na wengi hawaifikirii, ni kupata idadi nyingine ya meno.

Meno ndiyo yanayobadili safari

Baiskeli nyingi za mashindano za miaka ya 1970 na 1980 zilitoka kiwandani na sproketi mbili mbele, ya meno 52 na ya meno 42. Zilikusudiwa kijana mwenye mapaja, kwenye lami nzuri, tena akiwa hana mzigo. Mtu anayepandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto akiwa na mkoba mgongoni hana haja kabisa na 52, na hata hiyo 42 itamlazimisha ashuke asukume.

Hesabu yake ni fupi. Chukua meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi. Utapata umbali ambao baiskeli inakwenda pedali zikizunguka mara moja. Tairi ya 28 kwa 1½ ina mzingo wa mita 2.2 hivi. Ukiwa na meno 48 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja unakupeleka mita 5.9. Weka 42 mbele, unapata mita 5.1. Weka 38, unapata 4.6. Kutoka 48 kwenda 42 tu, kwenye mlima uleule, nguvu unayoikandamiza pedali imepungua kwa moja ya nane. Hiyo ni asilimia 12.5. Ilinganishe na ile robo ya asilimia ya uzito, utajua hela yako iende wapi.

Utakachopoteza ni mwendo wa kasi kwenye tambarare na mteremko, miguu itazunguka upesi kabla baiskeli haijafika kasi uliyozoea. Kwa wengi wetu si hasara. Magoti yanapenda kuzunguka haraka bila kukazana kuliko kusukuma polepole kwa nguvu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo muuza vipuri hatalipenda. Kwa baiskeli nyeusi ya gia moja, badili friwili kwanza. Friwili ya meno 22 badala ya 18, ukiiacha ile 48 mbele, inakupa mita 4.8 kwa mzunguko. Umefika karibu kabisa na pale ambapo sproketi ya 38 ingekufikisha, kwa kipuri cha chuma kinachopatikana karibu kila mji, na hujagusa krenki. Cheni tu ndiyo itakayohitaji kuongezwa pingili mbili.

Angalia krenki yako inafunguka vipi

Egemeza baiskeli ukutani, upande wa cheni ukikutazama, ufute uchafu pale mkono wa krenki unapokutana na sproketi. Utaona mojawapo ya mambo manne.

Kwenye baiskeli nyeusi karibu zote, mkono wa kulia na sproketi vimegandamizwa kiwandani vikawa kitu kimoja. Hakuna bolti ya kufungua. Ukitoa kotapini, ile pini inayoushika mkono wa krenki kwenye ekseli, vyote viwili vinatoka pamoja. Kwa baiskeli hiyo huwezi kubadili sproketi peke yake, utabadili krenki nzima, na habari yake inafuata chini.

Huenda ukakuta vichwa vya ribiti, vidogo na laini, visivyo na tundu la spana. Hiyo ni krenki ya bei nafuu iliyotengenezwa itumike ikiisha itupwe yote. Kuna mafundi wanaozitoboa ribiti hizo na kufunga bolti. Inawezekana, ila matundu yake mara nyingi hayalingani na sproketi yoyote inayouzwa, na ukianza kutoboa alumini mpya ili ilingane na chuma kibovu umeshaharibu vitu viwili.

Ya tatu ni krenki ya kipande kimoja, chuma kilichopindwa kikapita kutoka pedali ya kushoto hadi ya kulia. Iko kwenye baiskeli nyingi za Kimarekani na za BMX za watoto. Sproketi yake ina tundu moja kubwa katikati na jingine dogo la kupokea kijiti. Za alumini zipo, kwenye maduka ya BMX.

Ya nne ndiyo unayoiombea: mikono mitano, au minne, inayotoka katikati ya krenki kama nyota, kila mmoja ukishika sproketi kwa bolti. Hapa kubadili ni kazi ya nusu saa.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha unachokibadili ni chuma kweli. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio; ikinata, ni chuma. Krenki nyingi za mitumba ya milimani ni za alumini, sproketi ya nje ni ya alumini, na zile mbili za ndani ni za chuma zilizopakwa rangi ya fedha. Fanya vivyo hivyo dukani. Mama mmoja alimuuliza fundi mbele yangu, "Hii ni alumini kweli, fundi?" Fundi hakubishana, alichomoa sumaku kwenye droo akampa: "Jaribu mwenyewe, mama." Ilinata. Wakacheka wote wawili, na fundi akaenda kutafuta nyingine.

Kipimo kinachokataa sproketi nyingi

Watu hununua sproketi kwa kuangalia idadi ya meno, wakifika nyumbani matundu hayalingani. Kipimo kinachoamua ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote. Kwenye krenki ya bolti tano huwezi kukipima moja kwa moja, kwa kuwa hakuna bolti inayotazamana na nyingine. Pima kati kwa kati bolti mbili zinazofuatana, kwa rula ya milimita, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 76.4 kati ya bolti, duara lako ni 130, ambalo ndilo la kawaida kwenye baiskeli za lami za Kijapani tangu miaka ya 1980. Ukipata 64.7, ni 110, la baiskeli za milimani za miaka hiyohiyo, na sproketi zake bado zinatengenezwa kwa wingi. Ukipata 55.3, ni 94, la milimani za miaka ya 1990. Ukipata 84.6, ni 144, duara la krenki za zamani za Campagnolo na la Wajapani walioiga.

Kuwa makini na jirani wa 130. Campagnolo baadaye walihamia 135, na kati ya bolti na bolti tofauti ni milimita 3 tu. Kwa jicho hutaiona. Wafaransa nao walikuwa na vipimo vyao: krenki ya Stronglight 93 ina duara la 122, na Stronglight 99 la 86. Ukiwa na Peugeot au Motobécane ya zamani, pima mara mbili.

Kwenye bolti nne kazi ni rahisi zaidi, zinatazamana. Pima kutoka katikati ya moja hadi ile ya upande wa pili. Ikiwa 104, hiyo ndiyo ya milimani iliyoenea zaidi.

Duara hili pia linaweka mpaka wa meno. Kwenye 144 huwezi kushuka chini ya meno 41. Kwenye 130 mpaka ni 38, kwenye 110 ni 33, kwenye 94 ni 29 au 30. Chini ya hapo bolti zingekaa mahali pa cheni. Kwa hiyo mwenye krenki ya 144 anayetaka meno 36 ya kupandia milima hatatafuta sproketi, atatafuta krenki.

Cheni nayo ina lake la kusema

Umbali kati ya pini na pini kwenye cheni za baiskeli ni nusu inchi, ni uleule. Kinachotofautiana ni upana. Baiskeli ya gia moja hutumia cheni ya inchi 1/8, na ya gia nyingi hutumia ya 3/32 au nyembamba zaidi. Sproketi nyingi za alumini ni za 3/32. Cheni pana ya 1/8 itapanda juu yake na kufanya kazi, ikicheza kidogo pembeni. Kinyume chake hakiwezekani: cheni nyembamba haiingii kwenye meno ya 1/8.

Kubwa kuliko upana ni uchakavu. Usiweke sproketi mpya ya alumini chini ya cheni iliyokwisha. Cheni haivutiki kama mpira, ila pini na matundu yake hulika, na kila pingili inarefuka kidogo. Cheni iliyorefuka haikai chini kwenye bonde la jino. Inapanda juu na kuvuta kwa ncha. Chuma kitavumilia miezi. Alumini italika hadi meno yawe na ncha za mbele zilizopinda kama pezi la papa.

Pima hivi. Vuta cheni ikaze, weka sifuri ya rula ya inchi katikati ya pini moja, halafu hesabu pini 24 mbele. Ikiwa mpya, pini ya 24 iko juu ya inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya pamoja na sproketi. Ikipita kwa 1/8, friwili nayo imeshazoea cheni mbovu na itaruka meno ukiweka mpya, kwa hiyo andaa vyote vitatu au ahirisha shughuli.

Kufunga

Ondoa cheni kwenye meno, ilaze kwenye fremu. Bolti za sproketi hufunguliwa kwa alenkii ya milimita 5, na nyuma yake kuna nati ya duara yenye mfereji. Kabla ya kuingiza alenkii, chokonoa uchafu uliogandamana ndani ya tundu kwa ncha ya spoku. Ni jambo dogo linaloamua siku yako: alenkii iliyoingia nusu tu itaisugua bolti kuwa duara, na baada ya hapo ni kutoboa. Ikiwa nati inazunguka pamoja na bolti, ishike kwa bisibisi bapa iliyokaa kwenye mfereji. Zilizoganda kwa kutu ziloweshe kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha.

Ukiwa umeitoa, iweke ile ya zamani juu ya mpya na ulinganishe matundu. Kisha itazame mpya pande zote mbili. Matundu yamechimbwa upande mmoja ili kichwa cha bolti au nati kikae humo, na upande huo ndio wa kichwa. Sproketi ya nje mara nyingi ina kijiti kimetokeza. Kinakaa nyuma ya mkono wa krenki, kazi yake ni kuzuia cheni ikidondoka isibanwe kati ya mkono na sproketi. Za ndani zina kidole kidogo kinachoelekea katikati, hicho nacho kipangwe sawa na mkono wa krenki. Ukiziweka vingine, baiskeli itatembea, lakini kubadili gia kutakuwa kwa kukwaruza, kwa sababu meno yamechongwa tofauti sehemu tofauti ili kuinyanyua cheni.

Paka grisi kwenye thredi za bolti na kwenye migongo ya mikono ya nyota. Kaza kwa mkono zote kwanza, halafu kwa alenkii ukiruka moja moja, usizungukie kwa mpangilio. Kaza vizuri ila usitundike uzito wa mwili juu ya alenkii. Bolti hizi ni fupi na nyembamba. Ukiamua kuondoa sproketi mbili ubaki na moja, bolti za zamani zitakuwa ndefu mno na zitakwama kabla ya kubana. Tafuta fupi, au jaza nafasi kwa washa.

Kwa baiskeli isiyo na kibadili gia kuna usumbufu mmoja zaidi. Zungusha pedali polepole uangalie cheni ya chini. Ikikaza mahali fulani na kulegea mahali pengine, sproketi haijakaa katikati sawasawa. Legeza bolti kidogo tu, simamisha pale cheni inapokaza, igongegonge cheni kwa mpini wa bisibisi kwenye sehemu iliyo wazi kati ya sproketi na friwili, sproketi itasogea yenyewe, kisha kaza. Rudia hadi tofauti iwe ndogo.

Meno yakipungua, cheni inabaki ndefu. Kutoka 48 hadi 42, kilichozidi ni kama pingili tatu za nusu inchi. Cheni hukatwa mbilimbili, kwa hiyo toa mbili, ile moja iliyobaki utaimaliza kwa kurudisha gurudumu nyuma milimita 6 hivi kwenye mwanya wa fremu. Kwenye baiskeli ya gia, kishushe kibadili gia cha mbele hadi kiwe milimita 2 hivi juu ya ncha za meno mapya ya nje.

Ukitaka alumini kwenye baiskeli nyeusi

Hii ni kazi nyingine kabisa, na ifanyike tu kama baiskeli unaipenda na kazi yake ni kwenda na kurudi, si kubeba. Utatoa krenki ya kotapini na ekseli yake, uweke ekseli ya ncha za pembe nne na krenki ya alumini yenye bolti. Hapa ndipo uzito unapopungua kweli, maana unaondoa mikono miwili ya chuma kitupu pamoja na sproketi.

Kotapini ndizo zinazowapandisha watu hasira. Fungua nati hadi iwe sawa na ncha ya pini, iilinde thredi. Weka kipande cha bomba zito chini ya krenki, kisimame sakafuni kikiuzunguka mwisho wa pili wa pini, ndipo upige pigo moja zito. Ukipiga krenki ikiwa hewani, nguvu yote inaingia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye vikombe zinamozunguka, na baiskeli itakwaruza hadi siku utakayovibadili.

Kikombe cha kulia kwenye baiskeli za Kiingereza na nyingi za Kiasia kina thredi ya kushoto; kinafunguka kwa kuzungusha kwenda kulia. Za Kifaransa na za Kiitaliano za zamani zinafunguka kawaida pande zote mbili. Raleigh walikuwa na thredi yao, nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24 za kila mtu, na vikombe vya dukani havitaingia. Usivilazimishe. Bakiza vikombe vya zamani kama uso wa ndani bado laini, utafute ekseli ya pembe nne ambayo umbali kati ya njia zake mbili za gololi ni sawa na ya zamani.

Mkono wa alumini unakaa kwenye ncha ya pembe nne kwa kubanwa na bolti, si kwa nyundo. Ukilegea na ukaendelea kuendesha, chuma kinatanua tundu la alumini na mkono huo haukazi tena maisha yake yote. Siku ya kuutoa utahitaji pula ya krenki. Hakikisha umetoa bolti pamoja na washa yake, kisha zungusha pula hadi mwisho wa thredi ndipo uanze kusukuma. Washa iliyosahaulika ndani ndiyo inayong'oa thredi, na mkono uliong'oka thredi unatolewa kwa msumeno. Pedali nazo zianze kwa vidole, zikiwa na grisi. Ya kushoto inakazwa kwa kuzungusha kinyume. Chuma kikiingia mshazari kwenye alumini hakikwami, kinakata njia yake mpya.

Mwisho angalia cheni kwa nyuma, ukichungulia kutoka kwenye friwili. Iende moja kwa moja hadi sproketi. Ikienda upande, ekseli ni ndefu au fupi kuliko inavyotakiwa, nazo zinauzwa kwa urefu mbalimbali.

Nani abaki na chuma

Anayebeba. Waendesha abiria wa Kahama na Shinyanga, wabeba maziwa, wauza samaki wanaotoka mwaloni alfajiri, wasafirisha mkaa. Mtu anayesimama juu ya pedali moja kuianzisha baiskeli yenye gunia la kilo 100 anatia nguvu zote kwenye meno machache. Chuma kikipinda, fundi wa chini ya mwembe anakinyoosha kwa nyundo na safari inaendelea. Alumini iliyopinda ikanyooshwa hupata ufa, na ufa huo hukua bila kukuaga. Hata kwenye baiskeli za milimani, sproketi ndogo kabisa ya meno 22 ningeiacha ya chuma. Ina meno machache yanayogawana kazi kubwa, na akiba ya uzito hapo ni kidogo.

Vumbi pia lihesabiwe. Oili chafu ya gari iliyojaa ungaunga wa chuma, ambayo wengi tunaimimina kwenye cheni kwa sababu ni ya bure, inachanganyika na mchanga na kuwa msasa. Ukiwa na alumini achana nayo. Tone moja la oili safi kwa kila pingili, kisha futa nje kwa kitambaa hadi cheni ionekane kavu.

Wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu wana adui wa ziada. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukitokeza kuzunguka bolti, na baada ya mwaka bolti haifunguki. Paka grisi kila mahali vinapogusana, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi ukitoka ufukweni, na kila baada ya miezi michache zifungue bolti mojamoja, zipake grisi upya, zirudishe.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, rudia kukaza bolti za sproketi na zile za krenki. Zitakubali robo ya mzunguko, wakati mwingine zaidi. Ile sproketi ya chuma uliyoitoa, kama meno yake bado yana umbo, ipake oili na uiviringishe kwenye gazeti, ukiandika juu idadi ya meno na kipimo cha bolti. Za alumini huwa hazipatikani siku unapozihitaji.